Majina ya Wabeba Kuni

Jumatatu, 6 Machi 1911

Meli imefika asubuhi, jua halijavuka milima ya Ukinga. Tumebeba kuni za kuwashia injini yake mpaka adhuhuri. Mvua haikukatika.

Ubao ni uleule mmoja, kutoka gatini hadi melini. Wa kupandia huo, wa kushukia huo. Mwenye mzigo anapita, asiye na mzigo anasubiri. Ukisubiri unaitwa mvivu. Ubao umeota utelezi wa kijani. Nimemwambia Asajile mara ya tatu sasa. Asajile ndiye nyapara wetu. Ni mwana wa dada yake jumbe, na ni wa rika langu; tulichunga ng'ombe pamoja, tukajenga nyumba zetu mstari mmoja hapa Ngonga. Amenijibu kwamba Bwana wa Kuni anajua. Bwana wa Kuni ni Mdachi anayesimamia gati. Anajua kwa kutazama kutoka barazani kwake, miguu mikavu.

Bega la kulia limechubuka tena. Subilaga, mke wangu, amelikanda kwa maji ya moto. Haulizi siku hizi. Anatazama bega, anabandika maji.

Alhamisi, 9 Machi

Hakuna meli. Tumepasua magogo kutwa. Wakisi wameleta mitumbwi saba ya kuni kutoka Ikombe. Wao hukata kule kwao mlimani, huvuka ziwa nazo, kisha hubeba pamoja nasi. Kazi mara mbili. Wenzangu wanawaita watu wa vyungu kwa sababu wake zao wanafinyanga. Wakati wa kula wanakaa kwao, sisi kwetu. Leo Filipo, mmoja wao, alinikopesha shoka baada ya mpini wangu kuvunjika. Nilisema ndaga, asante. Alicheka jinsi nilivyoona haya.

Jumatatu, 13 Machi

Syungu amevunjika mguu.

Syungu, mbebaji mwenzangu wa kijiji cha Talatala, alikuwa mbele yangu, gogo bichi begani. Katikati ya ubao akakutana na mtu anayeshuka. Hapatoshi wawili pale. Akajibanza pembeni, mguu ukateleza, akaanguka kati ya gati na meli, na gogo likamfuata. Filipo aliruka majini sisi hatujatua hata mizigo. Sisi tunaosali naye, tunaokula naye, tulisimama kama miti. Mkisi ndiye aliyeruka.

Mfupa umetoka nje chini ya goti. Bwana wa Kuni alishuka, akatazama saa yake. Akamwambia Asajile neno moja. Asajile akapaza sauti kwamba kazi iendelee.

Na tuliendelea. Hilo ndilo linalonichoma. Nilipita juu ya ubao uleule nikimsikia Syungu akilia bandani, nikabeba magogo mengine, sijui mangapi. Ninajichukia.

Jumanne, 14 Machi

Asubuhi Asajile anasoma majina. Akafika kwa Syungu, akaruka. Mahali pake palisimama mtu mwingine, wa Talatala hiyohiyo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Hata siku moja haikupita. Nilimwuliza Asajile jina la Syungu liko wapi. Alisema limefutwa, mtu asiye na mguu si mbebaji. Alisema bila kunitazama.

Baada ya kazi tumembeba Syungu kwa machela hadi misheni. Tope mpaka magotini. Njia nzima aliuliza jambo moja tu: kama nafasi yake ipo. Nilimdanganya. Nikasema ipo.

Alhamisi, 16 Machi

Hasira haijaisha. Nilidhani italala. Imeamka ikiwa nene zaidi.

Leo tumeongea tukipanga kuni. Kwanza watatu, kisha kumi. Hakuna aliyeinua sauti. Kila mtu alikuwa na lake: aliyepasuliwa kidole, aliyefukuzwa kwa homa. Nilishangaa. Miaka yote tunabeba bega kwa bega, na kila mmoja ameficha lake kama aibu. Tumekubaliana kukutana Jumapili. Chama. Mmoja ndiye aliyetaja neno hilo, amelisikia kwa mabaharia wa upande wa Waingereza. Limetukaa mdomoni vizuri.

Jumapili, 19 Machi

Baada ya ibada tumekaa nyuma ya nyumba yangu, kwenye migomba. Watu wa Ngonga, watu wa Talatala. Filipo alikuja na wenzake wawili kwa niaba ya Ikombe. Mimi ndiye karani kwa sababu misheni ilinifundisha herufi. Nimechana karatasi mbili kwenye daftari hili, moja ya madai, moja ya majina.

Tunataka mambo mawili. Ubao wa pili, wa kupandia mmoja na wa kushukia mwingine. Na mtu akiumia kazini jina lisifutwe, nafasi yake imngoje. Hayo tu. Bwana wa Kuni akikataa, meli ijayo hatupandi ubao.

Nilipoanza kuandika majina, yalikuja haraka kuliko mkono wangu. Kisha Filipo akataja lake. Mzee mmoja wa Ngonga akasema majina ya Wakisi yasubiri kwanza, jambo hilo lizungumzwe. Filipo hakubisha. Nilipaswa kuandika palepale. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Sikuandika.

Jumatano, 22 Machi

Jumbe ametuma watu kuniita. Nilikwenda, nikachutama, nikapiga makofi ya heshima kama inavyopasa. Jumbe huyu aliwekwa na Boma. Malafyale, mtawala wetu wa damu, yuko kwake na ng'ombe wake, haulizwi kitu. Lakini heshima ni heshima.

Hakukasirika. Hapo ndipo nilipoogopa. Amesema chama ni jambo jema. Amesema jambo jema lililozaliwa kwenye nchi yake haliwezi kukosa baba. Akataka mkutano ujao ufanyike kwake, kwenye banda lake la mpunga, mkuu wa chama achaguliwe mbele yake. Mke wake alikuwa ameshaloweka ulezi wa pombe. Walikwisha kupanga kabla sijafika.

Nilitoka pale nimeuma meno. Njiani nilipata majibu mazuri manne. Yote yamechelewa.

Jumapili, 26 Machi

Naandika nikiwa bado na hasira, nisije nikalainisha.

Banda lilijaa. Wengi hawajawahi kushika kuni maishani mwao. Binamu za jumbe, wakwe za jumbe, majirani wa jumbe. Pombe ilizunguka kabla ya maneno. Shauri la kwanza: mkuu wa chama. Mmoja akanitaja mimi. Jumbe akamtaja Asajile. Nyapara. Mtu anayetupigia kelele tusisimame, ndiye awe mkuu wa wanaopigiwa kelele. Wakaambiwa wanaomtaka Asajile wahamie upande wa mlangoni. Walihama hata ambao wiki iliyopita walilia kwenye migomba yangu. Mmoja alipita mbele yangu na kibuyu mkononi, akainamisha macho.

Shauri la pili: Wakisi. Nilisimama. Nilisema Syungu angekuwa maiti kama si Filipo. Nilisema Bwana wa Kuni haulizi mtu ni wa wapi, anauliza bega. Nilisema tukiwaacha nje, siku ya mgomo watakaoitwa ni wao, na watakuwa na haki ya kuja. Nilisema vizuri, najua nilisema vizuri. Mzee yule wa Ngonga akajibu kwamba watu wa vyungu wana kwao, wakaanzishe chama chao. Watu wakacheka. Wakahama tena upande wa mlangoni, karibu wote.

Filipo alikuwepo. Alisikia kila neno. Aliaga kwa heshima, akaenda kwenye mtumbwi wake mvuani.

Mwisho Asajile akaomba karatasi ya majina. Mkuu ndiye atunzaye, alisema. Mkutano ulikuwa umemchagua. Nikaandika jina lake juu kabisa, nikampa.

Jumatatu, 27 Machi

Kazini. Wakati wa kula nilikaa peke yangu.

Jumatano, 29 Machi

Asajile anasema amepeleka maombi yetu kwa Bwana wa Kuni na amekataliwa. Simwamini kwamba alipeleka. Lakini neno "amekataliwa" limewafikia wenzangu na limewawasha. Hata walevi wa Jumapili. Meli inatazamiwa Jumatatu. Wanasema hawapandi. Sikutegemea. Asajile naye hakutegemea, anazunguka akisema tusiwe na haraka. Hakuna anayemsikiliza. Alichukua ukuu lakini watu hawakumfuata.

Ijumaa, 31 Machi

Kama nilivyosema. Bwana wa Kuni amesikia, na ametuma mtumbwi Ikombe. Anataka wabebaji arobaini Jumatatu. Leo wale waliocheka bandani wamekuja mlangoni kwangu mmoja mmoja. Eti nikazungumze na Wakisi. Eti mimi ninawajua. Niliwaacha wasimame kwenye mvua kidogo kabla ya kujibu. Nilifurahi kuwaona wakilowa. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 1 Aprili

Ikombe. Nimefika mikono imechubuka kwa kafi. Milima imeshuka hadi majini pale, nyumba zimejipanga kwenye ukanda mwembamba wa mchanga. Vyungu vibichi kila mahali, vimefunikwa majani mvua isivibomoe. Nilisalimia, ugonile. Waliitika kwa lugha yao, si kwa yangu.

Filipo alinipokea lakini hakuniongoza ndani. Mama yake alikuwa nje, anafinyanga. Mwanamke mnene, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Nilieleza yote. Nilisema mkutano ulikosea. Nilisema meli inakuja Jumatatu na tunawaomba wasibebe.

Mama yake ndiye aliyejibu, bila kuacha kazi.

"Mlitufungia mlango, sasa mnataka tuulinde."

Nilisema ndiyo.

"Na wewe uliandika majina," alisema. "La mwanangu uliliandika?"

Nilisema hapana.

"Kwa nini?"

Nilisema niliogopa watu wangu. Ni mara ya kwanza kulitamka. Aliuzungusha mdomo wa chungu kwa kidole, mzunguko mzima, kisha akasema nipewe samaki nile, safari ni ndefu. Filipo alinisindikiza hadi kwenye mtumbwi. Nilimwuliza watafanya nini. Akasema watazungumza wenyewe, kama watu wenye kwao.

Nimestahili.

Jumatatu, 3 Aprili

Meli imefika. Hatukupanda.

Tumekaa chini kwenye matope, watu wa Ngonga huku, watu wa Talatala kule. Asajile alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Bwana wa Kuni alisimama barazani, akasubiri. Alijua anachosubiri. Kabla ya adhuhuri mitumbwi ikaonekana, mingi, imejaa watu. Jirani yangu akatukana. Nikamwambia anyamaze, matusi yake ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Wakisi wakashuka. Filipo mbele. Walipita katikati yetu bila kututazama, moja kwa moja hadi kwenye kuni. Kisha wakageuka, wakakaa chini. Mbele yetu, mgongo kwa kuni, arobaini wote.

Hakuna aliyeshangilia. Tulikuwa na aibu mno.

Meli imelala palepale. Bwana wa Kuni ametuma mtu bomani. Tumekaa hadi jioni tukiliwa na wadudu wa ziwani. Wanawake wametuletea ndizi. Subilaga alianza kugawa upande wa Wakisi, bila kuniuliza.

Jumanne, 4 Aprili

Naandika nimelala kifudifudi. Subilaga amenikataza kuandika, lakini nitaandika.

Askari wamefika mchana. Jumbe alikuja nao. Mkubwa wao alikuwa na karatasi. Alipoifunua niliona herufi zangu. Karatasi niliyoichana kwenye daftari hili, niliyompa Asajile kwa mkono wangu. Ukingo wa juu umechanwa kwa uangalifu, pale palipokuwa na jina la mkuu. Asajile alisimama karibu na mjomba wake, anatazama ziwa.

Amri: sita wa kwanza kwenye karatasi, viboko hamsa ishirini kila mmoja, wengine watazame. Kisha kazi ianze. Kwa kuwa wa juu ametolewa, wa kwanza nilikuwa mimi.

Sitaeleza kiboko. Niliuma kitambaa. Nilitaka kunyamaza, na mwishoni sikunyamaza. Basi.

Wa pili akaitwa, mtu wa Talatala, akapigwa. Wa tatu akaitwa. Hapo Filipo akasimama, akaenda hadi kwa mkubwa wa askari.

"Niandike na mimi," alisema. "Filipo wa Ikombe."

Askari akamwambia hakuitwa, hayumo, akae.

"Najua simo. Niandike."

Nyuma yake akasimama Mkisi mwingine, akataja jina lake. Na mwingine. Hawakupiga kelele, walitaja tu, kama watu wanaohesabiwa. Kisha watu wetu. Yule mzee wa Ngonga aliyewacheka alisimama akataja jina la mwanawe, kisha lake. Mkubwa wa askari alibaki na karatasi mkononi, hana hata kalamu.

Nahodha wa meli alikuwa akimpigia kelele Bwana wa Kuni kwa Kidachi. Siku mbili amelala hapo na upepo wa kusini unaanza. Na hata Bwana wa Kuni anaweza kuelewa kwamba watu themanini waliochapwa hawabebi kuni. Alishuka barazani. Akatembea ndani ya matope mpaka kwetu, viatu vikazama. Akasema inatosha. Wa tatu akaachiwa. Ubao wa pili ukatolewa ghalani. Ulikuwepo ghalani. Wakati wote. Umekauka, mzuri, mpana.

Nilicheka nikiwa chini pale. Watu walidhani nimerukwa na akili.

Jumamosi, 8 Aprili

Mgongo unanuka. Subilaga anaweka majani ya mgomba yaliyopashwa moto.

Habari: ubao wa pili umebaki. Mimi nimefutwa kazi. Jina la Syungu halikurudi. Jumbe ametangaza kanisani kwamba aliuomba ubao huo kwa Boma yeye mwenyewe, kwa kuwahurumia watoto wake. Wapo waliomshukuru.

Asajile alikuja na jogoo. Alisema hakujua mjomba wake angepeleka karatasi bomani. Nikamwuliza nani alichana ukingo. Akalia. Ni kweli tulichunga pamoja. Nilimwambia arudi na jogoo wake. Mwalimu wa misheni anasema nimsamehe. Labda. Si sasa, na sitajifanya.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Nimeweza kuvaa shati. Mkutano umefanyika Ikombe, baada ya ibada, kwenye mchanga. Hakuna pombe, hakuna jumbe. Wasiobeba kuni walirudishwa kwa adabu. Filipo amechaguliwa mkuu. Mzee wa Ngonga ndiye aliyemtaja.

Iliulizwa kama mimi ninaruhusiwa kubaki, maana sibebi tena. Wakabishana mbele yangu. Wengine walisema chama ni cha wanaobeba. Walikuwa na hoja. Lakini nilikasirika hata hivyo, uso ukawaka. Mama yake Filipo akasema kutoka kwenye vyungu vyake kwamba tulikwisha kukubaliana mtu akiumia kazini jina halifutwi, au tulikuwa tunatania? Wakaniacha nibaki.

Karatasi hakuna. Kila mtu ameshika majina ya watano kichwani, na hao wanashika ya wengine watano. Tumekubaliana juu ya Syungu: Bwana wa Kuni amekataa kumpa nafasi, basi sisi tutampa siku. Kila mmoja siku moja shambani kwake, mpaka mpunga uingie ndani.

Jumanne, 2 Mei

Mtu wa mwisho kutishwa na Asajile kwamba atafutwa kwa kuchelewa alimjibu kwamba akamwulize Filipo. Wamenisimulia. Asajile hakufanya kitu. Jumbe hanisalimii. Mimi namsalimia, nachutama, napiga makofi. Inamkera kuliko tusi.

Jumatano, 17 Mei

Talatala. Mvua imepungua. Leo tulikuwa kumi na wanne kwenye mpunga wa Syungu. Wakisi hawajui kukata mpunga, wanakata juu mno, na wanawake wa Talatala wamewacheka mpaka wakakaa chini. Filipo aliomba afundishwe, akafundishwa, akaendelea kukata juu.

Syungu amekaa kwenye mkeka, mguu umenyooshwa mbele. Umeunga vibaya. Hatabeba tena na anajua. Alikuwa anapepeta na mkewe. Aliniuliza, bila uchungu, kwa nini siku ile kwenye machela nilimwambia nafasi yake ipo. Nilisema sikuwa na jambo jingine la kumwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na ungo.

Saa tisa tulisimama. Tumemaliza upande wote wa mtoni. Nimeoga, maji yalikuwa ya baridi, mgongo haukuuma. Subilaga amepika wali mpya. Nimechoka. Ni uchovu wa kawaida tu, wa mtu aliyevuna.